Nyumba Iliyokuwa Ndani ya Bohari

Siku ya kwanza nilipoiona bohari ile ya Garissa nilidhani imelewa. Majengo mengine yote ya serikali yalisimama wima kama askari kwenye gwaride. Bohari peke yake ilikuwa imejiinamia, kuta zikiegemea ndani kadiri zinavyopanda, na pembe zake zilikuwa zimezunguka badala ya kukatika. Juu walikuwa wameibandika mabati, nayo yalikuwa yameshika kutu. Zamani yaliwekwa humo mahindi ya msaada wa njaa. Wakati wangu ilikuwa na mapipa ya lami, majembe mabovu na popo.

Mimi ni mwanamke wa Taita, mwalimu wa shule ya msingi, na nilipelekwa huko mwaka wa sitini na sita, vita vya shifta, wale waasi wa porini, vikiwa vimepamba moto. Nilifika nimekaa juu ya magunia katika msafara wa malori yenye askari mbele na nyuma. Mama yangu alikuwa amenililia kana kwamba ananizika. Ninaona haya kidogo kusema, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha Garissa. Kulikuwa na kafyu, na milio ya risasi tuliisikia, hasa ng'ambo ya mto, nami niliogopa kama watu wote. Asubuhi lakini ilikuwa yangu. Nilikuwa na chumba changu, mshahara wangu, na darasa la watoto wabishi kunishinda mimi, na mimi si haba kwa ubishi.

Ni huo ubishi ulionitia kwenye habari ya bohari. Nilimlalamikia mwalimu mkuu kwamba kitabu chetu cha historia kilikuwa na wafalme wa mbali na milima ya mbali, lakini hakikuwa na hata mstari mmoja juu ya mji ambao watoto hawa waliuona kila siku. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia basi niuandike mimi. Mkuu wa wilaya angezuru shule kabla ya mwezi wa Ramadhani, na ingependeza akute ukutani historia ya majengo ya kale ya mji. Nilipewa karatasi kubwa tano na kalamu mbili za rangi. Mdomo uliponza kichwa.

Nilianza na bohari kwa sababu ndilo jengo lililozeeka kuliko yote, na kwa sababu watu wa ujenzi walikuwa wametangaza kwamba wiki ileile wangeibomoa. Basi nikawauliza wazee: ni nani aliyeijenga?

Mwenye duka la nguo aliniambia iliyoijenga ni serikali. Mzee aliyekuwa mkalimani wa ofisi alisema ni Mzungu mmoja mrefu aliyependa mbwa. Wa tatu alikuwa askari mstaafu, wa wale wa zamani waliovaa vilemba vyekundu, na huyo aliniweka saa nzima. Hakunijibu nilichouliza. Alinieleza jinsi alivyolinda mlango wa bohari ile miaka mitatu, mgongo mlangoni na bunduki begani, na jinsi jua la alasiri lilivyompiga usoni mpaka jicho la kushoto likaharibika. Nilimwandika neno kwa neno kwa adabu tu, huku tumbo likininguruma. Wote watatu walikuwa watu wa kweli. Kosa lilikuwa langu, maana nilikwenda kuwauliza wanaume habari ya kujenga nyumba katika nchi ambayo mwanamume hajengi.

Hilo sikulijua. Kwetu mwanamke hukandika na mwanamume hujenga. Kwa wafugaji wa huko, nyumba ya kuhama nayo ni ya mwanamke, tangu mti wa kwanza hadi mkeka wa mwisho. Huitwa aqal. Mama humwandalia binti yake miti ya nyumba miaka mingi kabla hajaolewa. Huchimba mizizi mirefu ya migunga, huikunja ingali mbichi, huifunga ikauke na upinde wake, kisha huipaka samli na kuifukiza moshi hata mchwa wakiionja hutema. Binti huolewa nayo. Mume ni mgeni humo, hata kama hasemi hivyo mbele ya wenzake.

Aliyenifundisha hayo alikuwa muuza maziwa wangu. Kila asubuhi kafyu ikiisha alikuja mlangoni kwangu na kibuyu chake cha kusuka, mama wa makamo ya bibi yangu, mwembamba, mwenye hina kwenye nywele. Nilimwita ayeyo, ndiyo bibi kwa lugha yao. Alikaa katika kijiji cha waya, pale watu wa porini walipokusanywa na serikali wakazungushiwa seng'enge ili wasiwalishe shifta. Alikuwa ameingia humo na mbuzi sita na mjukuu mmoja. Ngamia wake na nyumba yake vilibaki porini, na hakupenda kuulizwa vilikuwa na hali gani. Kutoka getini kulihitaji kibali. Yeye alikuwa nacho cha maziwa, cha asubuhi tu.

Siku hiyo nilikuwa nimeegemeza ukutani ile picha ya bohari niliyoichora. Aliitazama huku akinimiminia maziwa, akacheka hata akamwaga.

"Mwalim, wewe umechora sanduku," akasema. "Hii nyumba iko na mbafu. Mbafu iko yangu."

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p ikitoka b na v ikitoka f, na ilinichukua kitambo kuelewa kwamba alisema mbavu. Nilimkaribisha aketi. Maziwa ya majirani yalichelewa siku hiyo na nikalaumiwa mimi.

Alinieleza kwamba alipokuwa mwari kulikuja ukame, na serikali ikaleta mahindi kabla haijawa na pa kuyaweka. Mafundi kutoka mbali walijenga bohari ya pembe nne kwa udongo. Mto ukafurika, pembe zikalegea, ukuta ukalala. Walijenga tena, ukalala tena. Ndipo yule Mzungu mrefu alipoziona nyumba za wanawake waliokuja kungoja mahindi, zimesimama kwenye upepo uleule na maji yaleyale bila kutikisika. Aliagiza wanawake watoe miti yao, waisimamishe na kuifunga kwa namna yao, kisha mafundi wakandike udongo ndani na nje. Wanawake waliambiwa mvua ikinyesha na njaa ikiisha watarudishiwa. Njaa iliisha, lakini bohari ilipigwa chokaa ikawa ya serikali. Ukiona vyaelea vimeundwa, ila hakuna aliyeuliza vimeundwa na nani.

Miti yake ilikuwa humo. Mama yake alikuwa ameikunja kwa miaka minne, na harusi ilikuwa imebaki miezi miwili. Basi aliolewa katika nyumba ya kuazima kwa shangazi, na wanawake wenzake wakampa jina la mke wa nyumba ya watu. Baadaye alijijengea nyingine, nzuri tu. Lakini ile aliyokunjiwa na mama yake hakupata kulala ndani yake hata usiku mmoja.

Nilidhani ananipa historia, nikavuta daftari niandike. Kumbe alikuwa na shida ya leo. Mjukuu wake alikuwa ameposwa na kijana wa mjini aliyechota maji kwa punda, na wawili hao walipendana, jambo ambalo bibi alilitaja kama mtu anayetaja homa. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Bibi arusi hakuwa na nyumba, na hakuna aliyepewa kibali cha kwenda porini kuchimba mizizi. Ami wa bwana arusi alikuwa ametuma neno kwamba wakifika Ramadhani bila nyumba, watatafuta kwingine. Kuazima tena yule bibi hakutaka hata kusikia. Alisema lile jina la nyumba ya watu lilitosha kwake yeye.

"Nafunja bohari lini?" akaniuliza.

Nilimwambia ni kesho kutwa. Nilisikia pia kwamba miti yote ingepelekwa jikoni kwa askari iwe kuni, na hilo nililisema nikitazama chini.

Nilikwenda kwa msimamizi wa ujenzi mchana uleule. Alikuwa mgeni Garissa kama mimi, mnene, mcheshi akishashiba, na kwa bahati nilimkuta ameshashiba. Alinisikiliza, akaniuliza kama jua la Garissa limeanza kunipanda. Kwa hesabu yake ndani ya ukuta ule mlikuwa na fito na udongo, na vyote vilikuwa vya serikali. Akimpa mtu wa kijiji cha waya mali ya serikali kwa maneno matupu, kesho wangekuja mia wakidai mabati. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu mwenye mkubwa wake.

Nilimwuliza, je, akimpata ng'ombe asiyejulikana, angemtambuaje mwenyewe? Akasema kwa alama. Nikamwambia na miti hii ina alama, maana bibi alikuwa amenieleza hivyo: mama yake aliichoma kwa chuma cha moto ili ijulikane kila mti unakaa wapi nyumba inapojengwa upya baada ya kuhama. Mti wa kichwani pa kitanda ulikuwa na mistari mitatu na nukta moja. Msimamizi alikuna kidevu. Akasema basi, bibi aonyeshe mahali pamoja tu kabla ukuta haujaguswa. Alama ikiwepo, achukue miti yake. Isipokuwepo, mimi mwalimu nirudi nikafundishe hesabu. Kibali alikitafuta yeye mwenyewe, cha asubuhi moja, watu wanane.

Asubuhi ya kubomoa walikuja bibi, mjukuu na wanawake sita, wote wamejifunga shuka kiunoni kwa kazi. Vibarua wawili walisimama na sururu. Bibi, ambaye hakuwa ameikaribia tangu ipigwe chokaa, aliizunguka bohari mara moja akiigusagusa kwa kiganja, kisha akaenda mlangoni. Kwao mti wa kichwani pa kitanda ni wa saba ukihesabu toka mlangoni kwa mkono wa kulia, na bohari ilipojengwa upande huo ulikuwa wa miti yake. Alihesabu mbavu kwa vidole, maana kwa karibu uvimbe wake ulionekana chini ya chokaa.

"Kata haba," akasema.

Wakakata. Udongo uliporomoka na mti ukatokea, umekunjika kama upinde, mweusi kwa moshi wa zamani. Msimamizi aliinama, akaufuta kwa leso, akaupapasa juu hadi chini. Haukuwa na alama hata moja.

Sijasahau uso wa yule bibi. Hakulia wala hakubishana. Alirudi mlangoni akahesabu tena, akafika palepale. Msimamizi hakucheka, na nilimheshimu kwa hilo, ila alisema kwa sauti ya chini kwamba neno ni neno, akawaashiria vibarua waweke sururu begani. Mjukuu alijifunika uso kwa shela. Nami nilihisi aibu kali, kwa kuwa ni mimi niliyewatoa watu majumbani mwao na kuwapa tumaini.

Nilisimama palepale mlangoni nimekasirika, jua la asubuhi likiniunguza macho. Nikaweka mkono kwenye paji nijikinge. Na mkono ukiwa hapo, nikamkumbuka askari wangu wa kilemba chekundu na jicho lake bovu. Alilinda mlango huu mgongo ukiwa mlangoni, na jua lililompiga usoni lilikuwa la alasiri. Jua la alasiri liko magharibi, upande wa mto. Mlango niliposimama ulitazama mashariki, barabarani. Kwa namna yoyote ile, mzee yule asingeweza kuharibikiwa jicho mahali hapa.

Nilimshika msimamizi mkono wa shati, jambo ambalo mwalimu wa kike hakupaswa kulifanya, nikamwambia mlango umehamishwa. Alinitazama kama mtu anayetafuta subira. Nikamvuta hadi upande wa mto. Pale chokaa ilikuwa imepasuka kwa mistari miwili iliyonyooka kutoka juu hadi chini, upana wa mlango kati yake, na mbavu zilikosekana. Walikuwa wameuziba mlango wa kwanza baada ya mafuriko fulani na kutoboa mwingine upande wa barabara. Bibi aliweka kiganja juu ya ule ufa, akasema neno moja la lugha yake ambalo wanawake wenzake walilirudia. Hakuomba ruhusa. Alianza kuhesabu.

Msimamizi aliangalia saa, akaangalia barabara kama mkubwa wake yuko njiani. Kisha akachukua sururu mwenyewe. Alisema makubaliano yalikuwa ni kuonyesha mahali pamoja tokea mlangoni, na kama mlango haukuwa mlango, basi pale pa kwanza hapakuwa mahali. Sijapata kusikia sheria ikisomwa vizuri zaidi.

Mistari mitatu na nukta moja. Ilikuwa imeingia ndani ya mti kama kovu la ndui, na mtu angeweza kuisoma kwa kidole gizani. Msimamizi aliisoma mara mbili. Bibi alipiga magoti akaweka shavu juu yake. Mimi nililia wazi, nikajipangusa kwa mkono uliojaa udongo, na watoto wa darasani kwangu waliokuwa wakichungulia kutoka barabarani walilizungumza hilo kwa muhula mzima.

Kuitoa miti kulichukua asubuhi yote. Mingine mchwa walikuwa wameishinda samli, ikavunjika mikononi kama mkate mkavu. Mingine ilikuwa na alama za akina mama wengine, na kila iliyotoka wanawake waliisoma na kulitaja jina la aliyeikunja. Wengi wao walikuwa wamekufa. Wawili walikuwa na mabinti waliosimama pale pale, nao walichukua ya mama zao bila mtu kuwauliza kitu. Ya bibi iliyokuwa mizima ilitosha nyumba ndogo. Alisema bibi arusi wa mchota maji hahitaji nyumba ya ngamia wanne, ya punda wawili inamfaa.

Waliibeba vichwani kuelekea kijijini. Getini askari kijana alituzuia. Alikuwa ameambiwa kukagua kila kitu kirefu, na hapa palikuwa na wanawake wanane na mapinde makubwa ajabu. Aliniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na daftari, hivi ni vitu gani. Nikamwambia ni nyumba. Akauliza nyumba gani hiyo inayotembea kichwani mwa mwanamke. Nikamwambia aweke bunduki chini atusaidie kubeba, atajua. Hakuweka, lakini alitupisha.

Usiku ule niliandika karatasi yangu upya. Mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama. Nilikuwa nimeandika kwamba bohari ya Garissa ilijengwa na wanawake wa wafugaji kwa miti ya harusi zao, na chini nimechora alama zote nilizopata kuzinakili. Alisema mkuu wa wilaya huenda asipendezwe. Nikamjibu kwamba isipobandikwa, karatasi nyingine nne sitaziandika. Alinitazama, akaenda kutafuta pini. Mkuu wa wilaya alipokuja aliitazama kwa muda, akasema imechorwa vizuri, akapita kwenda kuona bustani ya mboga.

Harusi ilikuwa siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Shuleni niliomba ruhusa, nikaenda kijiji cha waya tangu mapema. Nyumba ilisimamishwa asubuhi moja. Wanawake walichomeka miti ardhini, wakaikutanisha juu, wakaifunga kwa kamba za magome, na bibi alizunguka akisoma alama kwa kidole na kuwakosoa bila huruma. Mimi nilipewa fundo moja nifunge. Nililifunga kwa namna ya Taita, na mama mmoja akalifungua akalifunga tena bila kunitazama. Mikeka ilipungukiwa, basi upande wa nyuma waliutandika magunia ya mahindi. Kitanda cha fito kiliwekwa ndani, kichwa kwenye ule mti wa mistari mitatu.

Nyimbo zilianza. Bwana arusi alikuwa tayari, amevaa shati jeupe la kuazima, na punda wake wamepakwa hina. Ami yake alikuwa amekuja kuikagua nyumba, akakosa kasoro. Mjukuu aliletwa mpaka mlangoni, na kwa desturi ndiye aliyetakiwa kuingia wa kwanza. Lakini bibi alimwekea mkono kifuani, taratibu, akamsimamisha. Alivua viatu vyake, akavipanga vizuri pembeni, akainama akaingia peke yake. Mkeka wa mlangoni ukaanguka nyuma yake.

Nyimbo zilinyamaza moja moja. Tulisimama juani. Mtoto mmoja alitaka kuchungulia akavutwa sikio. Mjukuu alifungua mdomo amwite, na shangazi yake akamshika kiwiko akamwambia amwache. Sijui ulikuwa muda gani, ila ami wa bwana arusi alikohoa mara mbili na hakuna aliyemjali.

Bibi alipotoka shuka yake ilikuwa imekunjamana ubavuni, na macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia, kama wa mtu aliyeamka. Aliunyanyua mkeka kwa mkono wake.

"Ingia sasa," akamwambia mjukuu. "Mimi nishalala."

Binti akavua viatu, akaingia.